Tailizi saba zimeharibika, fundi anataka ang'oe zote 120: jibu kwa dada wa Nyegezi

Swali lenyewe nimelifupisha kidogo: "Habari fundi. Nipo Nyegezi, jikoni kwangu ni futi 10 kwa 12, niliweka tailizi za vinaili zile za futi kwa futi za kubandua karatasi na kubandika, mwaka 2022. Sa hivi mbili zimeungua na sufuria, moja imechanika tulivyosogeza friji, na nne za karibu na ukuta wa nyuma zimeinuka kona, ukikanyaga zinalia. Kuna fundi kaja kasema zote zing'olewe tuanze upya. Mimi nina tano tu zilizobaki kwenye boksi. Mume wangu anasema tupige super glu yaishe, au tuweke mpya juu ya hizi. Tufanyeje?"

Mwangaluka dada yangu. Usikubali kung'oa zote, angalau bado. Huyo fundi sitaki kumsema vibaya, mi mwenyewe nimeshawahi kumwambia mteja hivyo hivyo kwa sababu kazi ya tailizi 120 inalipa na kazi ya tailizi saba ni usumbufu mtupu, ila ukweli ni kwamba hizo saba zako zina magonjwa mawili tofauti na yeye kayatibu kama moja. Tatu zimeumizwa kutoka juu, sufuria na friji, hizo hazina siri. Zile nne za ukutani zimeumizwa kutoka chini, na hizo ndo zinaniumiza kichwa, maana hata ukibandika mpya leo kwa gundi ya bei mbaya zitainuka tena kama hujajua kilichoziinua.

Hebu toka nje uangalie nyuma ya huo ukuta. Kuna mwinuko? Kuna jiwe? Nauliza kwa sababu mji wetu huu wa Mwanza umekaa juu ya mawe, na maji ya mvua yakishuka mlimani hayafuati mtaro tu, mengine yanapita katikati ya mawe na udongo yanatembea chini kwa chini, we unaona uwanja umekauka kumbe chini ya msingi bado yanasafiri wiki nzima baada ya mvua. Kama wakati wa kujenga hawakuweka ile nailoni nyeusi chini ya zege, unyevu unapanda taratibu, kwenye sakafu ya saruji tupu hauoni kitu kwa sababu unatoka na kukaukia hewani, sasa ukishaifunika na plastiki unakosa pa kutokea, unakaa chini ya tailizi na kuifanya gundi iwe kama uji. Af maji yanayopita kwenye saruji yanabeba ule ukali wa saruji, na huo ndo unamaliza gundi kabisa.

Hili sikulijua kwa kusoma. Kuna nyumba moja Bugarika, imejengwa imeegemea jiwe, nilibandika chumba kizima mwezi wa tisa, kavu, safi, nikalipwa nikaondoka. Mwezi wa nne mwenye nyumba ananipigia anasema fundi njoo uone chapati zako. Nikafika, kweli, tailizi zimeinuka kingo zote nne kama chapati zilizopigwa upepo, ukiinua moja chini kuna jasho na unga mweupe. Nilirudia kwa gharama yangu, na kabla ya kurudia tulichimba mtaro nyuma ya nyumba, tukaacha sakafu wazi zaidi ya mwezi. Tangu siku hiyo sibandiki kitu kabla sijapima.

Kupima hakuhitaji mashine. Inua moja ya hizo nne (imeshalegea, itatoka), kwangua gundi mpaka uone saruji, kisha chukua kipande cha nailoni nzito inayopitisha mwanga, ukifunike hapo, ubandike kingo zote na selotepu pana pasipite hewa. Vipimo vya kitaalamu vinataka nailoni ya sentimita 45 kwa 45 ikae angalau saa 16, kwa hiyo ikiwezekana toa hizo nne zote upate nafasi, iache usiku kucha mpaka kesho yake mchana. Ukifungua ukakuta matone kwa ndani au saruji imebadilika rangi ikawa nyeusi kuliko pembeni, basi kuna unyevu unaopanda. Fanya kipimo kingine cha namna hiyo katikati ya jiko, pale utakapotoa iliyoungua, ulinganishe. Na kama una uvumilivu fanya kipindi cha mvua, kati ya mwezi wa tatu na wa tano, maana kupima mwezi wa nane ni kujidanganya kama nilivyojidanganya mimi.

Halafu kabla hujalaumu mlima angalia sinki. Samahani kwa kukurudisha nyuma ila mara nyingi ukuta wa nyuma wa jiko ndo ukuta wa sinki, na bomba la kutolea maji likivuja tone moja moja unapata tailizi nne zimeinuka hapo hapo na kwingine kote pazima. Funga karatasi ya chooni kwenye kila maungio ya bomba, fungua maji, ikilowa umepata mchawi. Hapo unatengeneza bomba, unaacha sakafu wiki mbili ikauke, mambo yameisha.

Kama ni mlima kweli, mtaro nje kwanza. Usiruhusu mtu akuuzie rangi ya kuzuia maji apake ndani halafu abandike juu yake kesho, wakati maji yenyewe bado yanasukuma kutoka chini.

Haya, zile tatu. Kwanza jua kitu kimoja kuhusu hii plastiki. PVC, ndo plastiki inayotengeneza vinaili, yenyewe ikiwa peke yake ni ngumu kama bomba la maji, kuna Mmarekani mmoja anaitwa Waldo Semon ndo mwaka 1926 aligundua namna ya kuilainisha kwa kuichanganya na kemikali za kulainishia, na hiyo ndo imetupa sakafu ya vinaili. Sasa zile kemikali zinapungua taratibu miaka inavyokwenda, jua na joto vinaharakisha, ndo maana tailizi iliyokaa inakuwa ngumu na ukiivuta ikiwa baridi inavunjika vipande kama biskuti. Ukiipasha inarudi ulaini kwa muda, na gundi nayo inalegea. Kwa hiyo hatuing'oi kwa nguvu, tunaipasha.

Chukua pasi, iweke joto la kati bila mvuke, tandika kitambaa cha pamba juu ya tailizi, kipande cha kanga iliyochoka kinafaa, kisha pitisha pasi kama unanyoosha shati, usiisimamishe sehemu moja. Dakika moja hivi. Drayer ya saluni nayo inafanya kazi ila inachukua muda mrefu. Ukisikia harufu kali ya plastiki inaungua umezidisha, acha na fungua madirisha, huo moshi sio wa kuvuta. Ikiwa ya moto unachukua kisu cha wembe unakata alama ya msalaba katikati ya tailizi, katikati nasema, siyo pembeni, unaingiza skrepa pale katikati unainua kuelekea nje. Wengi wanachokonoa kutoka kwenye kiungo kwa sababu ndo panaonekana rahisi, wanachubua kingo ya jirani, wakimaliza walikuwa na moja mbovu sasa wana mbili. Ukifika kwenye kingo pasha tena, zitatoka zenyewe.

Gundi inayobaki chini ndo kazi yenyewe na ndo watu wanaruka. Ikwangue yote ikiwa bado ya moto. Utaambiwa tumia mafuta ya taa au tina, ile ya kupunguzia rangi. Tina usiisogeze kabisa, ikigusa tailizi za jirani inaziyeyusha uso, na kwenye jiko lenye moto inawaka kabla hujajua. Mafuta ya taa yanatoa gundi kweli ila yanaingia ndani ya saruji na yanaacha utelezi, gundi mpya haishiki hapo. Mimi natumia skrepa, maji ya moto, sabuni ya unga, na mkono. Mwisho msasa kidogo, halafu futa vumbi kwa kitambaa chenye unyevu na uache pakauke. Kama sakafu yako ilipigwa niru, yaani ule uji wa saruji tupu wa kumalizia, ule uso wa kung'aa lazima uukwaruze na msasa, niru ni laini sana na mara nyingi ina vumbi jepesi juu, gundi inashika vumbi badala ya kushika sakafu.

Sasa utakuta pana mashimo, vipande vya saruji vimetoka na gundi. Vijaze, kwa sababu vinaili ya milimita mbili haifichi kitu, hata punje ya mchanga itaonekana juu baada ya miezi miwili kama kipele. Lakini usijaze kwa unga wa kupiga kuta! Hii naiona kila mahali, fundi ana kopo la unga mweupe wa ukutani limebaki, anasawazishia sakafu, inapendeza siku hiyo, ikipata unyevu inageuka chaki na tailizi inatoka nayo. Nunua ule unga wa kusawazishia sakafu wenye saruji ndani, ukikosa tumia saruji na mchanga laini uliochekecha kwa chujio la chai, koroga kwa maji uliyochanganya na ile bondi nyeupe wanayotumia kwenye plasta, maana saruji tupu ikipakwa nyembamba inapasuka. Iache ikauke kabisa, siku mbili tatu, ipige msasa, upitishe rula ya chuma juu uone kama inacheza.

Kubandika. Usitegemee gundi ya nyuma ya tailizi peke yake. Zile tano zako zimekaa kwenye boksi tangu 2022, gundi yake inawezekana imeshakauka, ijaribu kwa kidole, kama hainati vizuri usiiamini. Na hata kama inanata, kwa tailizi moja moja za kuziba mi huwa naongeza gundi ya sakafu ya vinaili, ile ya maji ya kwenye ndoo. Mwombe muuzaji wa hadiwea akupimie kidogo, ndoo nzima ya nini. Kwanza jaribu tailizi ikiwa bado na karatasi yake, ikae sehemu yake, angalia nyuma kuna mishale inayoonyesha uelekeo wa mchoro, ifuate kama zile za jirani zilivyofuatwa. Ikigoma kuingia usiilazimishe, jirani zake zimeshatambaa kidogo na joto la miaka yote hiyo, punguza kingo kwa msasa mpaka iingie bila kubanwa, maana ukiibana siku ya jua kali itapanda mgongo.

Gundi pakaza nyembamba, kwa mwiko wa meno madogo ama kipande cha kadi ulichokikata meno, ikiwa nyingi inatokea kwenye viungo na kuchafua kila kitu. Halafu subiri. Hapa ndo haraka inaharibu kazi. Gundi ya aina hii ikipakwa inakuwa nyeupe kama maziwa, unangoja mpaka iwe wazi, ukigusa inanata ila haikufuati kidole. Ukiweka tailizi mapema unafungia maji chini ya plastiki, yaani unajitengenezea mwenyewe ule unyevu tuliokuwa tunaukimbia. Ikiwa tayari, ingiza kona mbili kwanza zikae sawa na jirani, kisha ishushe kama unafunga mlango, usiitelezeshe. Ikandamize kwa mti wa kusukumia chapati kuanzia katikati kwenda nje, futa gundi iliyotoka papo hapo kwa kitambaa cha maji. Juu weka ubao, juu ya ubao ndoo ya maji ya lita 20, kesho yake uitoe. Usideki kwa maji siku tano, fagia tu.

Rangi. Mpya itaonekana mpya, hasa kama jikoni kwako jua linaingia. Kuna ujanja hapa, chini ya friji kuna tailizi kama nne ambazo hazijawahi kuona jua wala chumvi ya dagaa, lakini zimechakaa umri mmoja na zile za nje, kwa hiyo zinafanana zaidi na sakafu kuliko hizo za boksi. Unaweza kuzitoa kwa pasi (safari hii usikate msalaba, unataka zitoke nzima, pasha uanzie kona), ukazihamishia sehemu za macho, na zile za boksi ukaziweka chini ya friji ambako hamna atakayeziona. Mi ningefanya hivyo kama tofauti inakera tu, la sivyo ni kazi mara mbili na moja lazima itavunjika.

Zile nne zilizoinuka, kama hazijajikunja moja kwa moja, huna haja ya kuzitupa. Ukishamaliza habari ya unyevu, zipashe, kwangua gundi ya zamani chini ya tailizi na kwenye sakafu pia, rudisha kwa gundi mpya kama nilivyosema. Kwa hesabu yako ya tano unatumia tatu kwenye zilizoharibika, zinabaki mbili za dharura, inatosha. Na kama hapo mbele utapata tailizi iliyovimba katikati kama puto huku kingo zimeshika, usiing'oe, chana kidogo kwa wembe kufuata mstari wa mchoro, nunua sirinji duka la dawa, ingiza gundi, kandamiza, ndoo juu.

Shemeji mwambie super glu hapana. Inakauka ngumu kama kioo, wakati vinaili inatanuka mchana na kusinyaa usiku, kwa hiyo inakatika, tena inaacha kinundu chini ambacho hakitoki tena. Na kuweka mpya juu ya hizi, kimsingi inawezekana kama za chini zote zimeshika imara na sakafu ni kavu. Za kwako hazijashika, utakuwa umefunika kidonda, na mlango wa jiko nao utaanza kukwaruza.

Kwa wengine wanaosoma hili na hawako kwenye nyumba mpya: kama mpo kwenye jengo la zamani sana, la kabla ya miaka ya 1980, na mmekuta tailizi ngumu za inchi 9 kwa 9, chini zina gundi nyeusi kama lami, msizipige msasa, msizikwangue zikiwa kavu, wala msizivunje. Tailizi nyingi za enzi zile zilizotengenezwa Marekani na Ulaya zilichanganywa na asbesto, na hatari ni lile vumbi. Zikiwa zimetulia ziacheni hapo hapo, funikeni. Dada wa Nyegezi hii haikuhusu, ya kwako ni ya juzi.

Sasa ile alama ya sufuria. Naomba unisamehe ila naifahamu, ni duara, imekaa hatua moja kutoka kwenye jiko, sivyo? Ni ya kusongea ugali. Sufuria inashushwa chini, inabanwa kwa miguu, inasongwa, na vinaili haiwezi kuvumilia hiyo, chungu kilichotoka motoni kinailegesha na uzito wa kusonga unaizamisha. Tafuta kipande cha ubao au jiwe bapa kiwe kinakaa hapo, na jiko la mkaa lisikae juu ya hii sakafu kabisa hata kama lina sinia chini, sinia linapata moto. Ukipata alama ndogo ya kuungua, ya njiti au kaa lililoruka, huhitaji tailizi mpya, kwangua ule weusi kwa ncha ya kisu, chukua kipande kilichobaki ukisage unga kwa msasa, changanya na rangi ya kucha ile isiyo na rangi, jaza, ikikauka pitisha msasa laini sana. Kwa karibu utaiona, ukiwa umesimama huioni.

Kile kikapeti chenye mpira chini unachoweka mbele ya sinki, kitoe. Mpira ukikaa juu ya vinaili miezi unaacha doa la njano ambalo hamna sabuni inayolitoa, kwa sababu sio uchafu, ni kemikali ya mpira imeingia ndani ya plastiki. Weka mkeka wa kitambaa. Na friji siku nyingine mkitaka kulisogeza, inueni upande mmoja mtandike blanketi chini, livuteni na blanketi lake, halitachana kitu.

Huyo fundi ukimwita tena mwambie unataka afanye hizo saba tu na kabla ya hapo mnaweka nailoni usiku kucha. Akikataa kungoja usiku mmoja tafuta mwingine. Nitakubaliana naye kung'oa zote kama kile kipimo cha katikati ya jiko nacho kitatoa jasho, hapo sina ubishi, tatizo litakuwa la sakafu nzima na hata mi nisingebandika vinaili tena, ningekwambia weka vigae vya kawaida au rudi kwenye saruji.

Hizo mbili zitakazobaki zilaze chini ya kitanda na boksi lake. Ukizisimamisha ukutani mpaka siku utakayozihitaji zitakuwa zimepinda mgongo.